Mstari wa Penseli wa Mwaka 1967

Jana saluni dada alifungua chupa ya rangi ya nywele kwa ajili ya mteja wa kiti cha pili, na ile harufu kali ya amonia ikanipanda puani hadi machozi yakanilenga. Akaniuliza kama dawa inanichoma kichwani. Nikamwambia hapana, endelea tu. Nilikuwa nimeshafika mbali, mwaka 2005, kwenye chumba cha kudurufia ramani chenye dirisha moja la kioo, nimeshika penseli iliyochongwa kwa wembe.

Mwaka ule nilikuwa natafuta kijiji cha Bibi. Bibi yangu, msuka mikeka.

Kwenye sensa ya 2002 kijiji hicho hakimo. Ya 1988 hakimo, na ya 1978 hakimo vilevile. Ilibidi nirudi hadi Agosti 1967, sensa ya kwanza tangu Muungano, ile iliyotupata tukiwa watu milioni 12.3 nchi nzima. Mwaka uliofuata Mto Rufiji ulifurika vibaya, na watu waliokuwa wakiishi bondeni, pembeni mwa mashamba yao ya mpunga, wakahamishiwa nchi ya juu kwenye vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo makarani wa 1967 waliwakuta wenyeji wa bonde wakiwa bado kwao. Baada ya hapo hakuna karani aliyewakuta tena pale.

Kitabu hakikunisumbua. Juzuu ya kwanza ya sensa ile inatoa hesabu za eneo moja moja la kuhesabia watu, na nilikaa nayo siku mbili kwenye chumba cha East Africana, cha vitabu vya Afrika Mashariki, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, nikishusha kidole ukurasa kwa ukurasa hadi Rufiji. Nikaipata namba ya eneo: wanaume, wanawake, jumla. Nikainakili kwenye daftari, nikaizungushia duara, nikatoka nje nikanunua muhogo wa kukaanga kusherehekea.

Kumbe kazi ilikuwa haijaanza. Hesabu ya watu isiyo na mpaka haina pa kukaa. Eneo lile lilianzia wapi? Liliishia kwenye bwawa gani, njia gani? Faili za mipaka ya kata za 2002 nilikuwa nazo kwenye diski, lakini kata za 2002 hazikuwepo 1967. Hata mkoa wenyewe haukuwa huu tunaoujua. Mkoa wa Pwani wa 1967 ulikuwa bado umeibeba Dar es Salaam ndani yake. Ukichukua hesabu ya wakati ule ukaiweka kwenye mpaka wa wakati huu, utaona watu wameongezeka au wamepungua mahali ambapo kilichobadilika ni mstari tu.

Nilishauriwa nigawe watu kwa ukubwa wa eneo: kama theluthi ya eneo la zamani imeangukia kata fulani, nayo ipewe theluthi ya watu. Njia hiyo inatumika sana, na kuna mahali inafaa. Bondeni kwetu haifai. Watu hawakumwagwa bondeni kama mchele kwenye sinia. Walijipanga kwenye kingo zilizoinuka, na katikati palikuwa maji, matete na mpunga. Sikutaka kumgawa Bibi yangu vipande vipande, kimoja bwawani, kingine porini, ili jedwali langu lipendeze.

Basi nikaanza kutafuta ramani za makarani. Ofisi ya kwanza walisema zilihama na ofisi, hazikufika. Ofisi ya pili waliniomba barua, nikapeleka. Wakaomba barua nyingine. Ya tatu niliambiwa zilichomwa, kisha mtu mwingine kwenye korido ileile akaniambia hazikuchomwa. Miezi minne ikaenda hivyo.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mchora ramani, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nilimwamkia nikamweleza shida yangu nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuniomba barua.

"Rufiji bondeni?" aliniuliza. "Kabla ya kuhamishwa?"

"Ndiyo, mzee. Kabla."

Akainuka. Chumba kizima kilinuka amonia ya mashine ya kudurufia, na nakala mpya zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kama kanga. Akavuta droo ya chini kabisa, ile pana ya bati, akatoa karatasi moja ya ramani za vipimo vya moja kwa elfu hamsini. Akaitandaza mezani, akaikandamiza pembe tatu: kufuli, kikombe cha chai, rula ya chuma. Pembe ya nne haikuwepo. Mchwa walikuwa wameila, na walichobakiza kilikuwa na ukingo kama wa chapati iliyong'atwa.

Juu ya ramani ile kulikuwa na mstari wa penseli, mwembamba, wa mkono usiotetemeka. Ulianzia kwenye mto, ukapanda na kijito, ukapinda kwenye njia ya miguu. Ndani yake, kwa kalamu nyekundu iliyopauka, mtu alikuwa ameandika namba. Nikafungua daftari langu. Namba yenye duara na namba ya wino mwekundu zilikuwa moja.

Sikusema kitu. Mzee naye hakusema. Alichukua karatasi laini ya kunakilia, akaibandika pamoja na ramani kwenye kioo cha dirisha, jua la saa nane likiwa nyuma yake, na ramani nzima ikawaka. Mto ukaonekana, vilima vikaonekana, alama ndogo nyeusi za nyumba zikaonekana kando ya mto, moja, mbili, nne, saba. Moja kati ya hizo, nilijiambia. Akanipa penseli. "Chora wewe," akasema. "Ni kwenu."

Nikachora. Mkono ulikuwa umeinuliwa juu hadi bega likaniuma, na jasho lilikuwa linanishuka kwenye kiwiko, lakini sikutaka kuushusha. Nilipita kwenye kijito kila pindo lake. Nilipofika pale mchwa walipokula, mstari ukaisha. Pande mbili za eneo hazikuwepo.

"Hapo usibahatishe," mzee aliniambia. "Unachokijua, chora mstari mzima. Usichokijua, chora vipandevipande, anayekuja ajue."

Mengine yalikwenda haraka. Nilivuka Daraja la Mkapa nikafika kwa Bibi, nikamsomea zile hesabu. Aliikumbuka siku ile. Karani alipanda ngazi ya dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, viatu vimejaa tope, akamuuliza umri. Bibi alimwambia alikuwa msichana mdogo wa kuwinga ndege shambani pale askari walipokuwa wanarudi kutoka vita vya Hitla. Karani akapiga hesabu, akaandika miaka 30. "Basi tangu hapo ndio nikawa na umri," Bibi alisema.

Pande mbili zilizoliwa alinieleza kwa maneno: kutoka mwembe mkubwa hadi bwawa, kutoka bwawa hadi palipokuwa na kivuko cha mitumbwi. Tulikwenda na mjomba hadi kwenye ule mwembe nikachukua vipimo kwa kifaa cha setilaiti. Niliporudi nikaviweka kwenye kompyuta, mwembe ulikuwa umezama katikati ya mto. Wiki nzima nilidhani Bibi amesahau. Bibi hakusahau kitu. Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, kifaa changu kilisoma kwa msingi mpya wa setilaiti, WGS84, na ukiisoma mistari ya ile ramani kana kwamba ni ya msingi mpya, kila kitu kinahama karibu mita 300. Nilipolisahihisha hilo, mwembe ukarudi nchi kavu.

Lakini programu haikujua mstari wa vipandevipande. Eneo kwenye faili ya mipaka lazima lifunge. Ukiacha upande wazi, si eneo tena, na hesabu ya watu haina pa kuingia. Usiku mmoja, bila furaha, nikaunganisha: mwembe, bwawa, kivuko. Kwenye skrini pande nne zikawa sawa kabisa, rangi moja, unene mmoja. Mstari wa karani na wa Bibi, huwezi kuitofautisha. Nami nashindwa kusema upi una makosa zaidi, maana mto wenyewe umehama njia tangu wakati ule, na upande wa karani unafuata mto.

Mzee alistaafu, sijui droo ile imekwenda wapi. Bibi alitutoka 2011, mwaka mmoja kabla makarani hawajapita tena.

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma shahada ya pili ameniandikia. Amepata vitabu vya 1967 na 1978, na amegundua kuwa sampuli za sensa zetu zilizoko kwenye IPUMS, hazina ya takwimu za sensa ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, zinaanzia 1988. Nyuma ya hapo ana hesabu za vitabuni tu, na ili aziweke mahali pake anahitaji mipaka, amesikia ninayo ya bondeni, anaomba nimtumie. Nataka kumpa. Watu wa bonde lile wanastahili kuonekana.

Leo asubuhi, nywele bado zinanuka, nimelifungua faili. Nimeongeza safu mbili kwenye jedwali la faili hilo, majina mafupi kwa sababu halipokei zaidi ya herufi kumi: CHANZO na UHAKIKA. Kwenye CHANZO nimeandika, "Penseli ya karani, pande mbili, Bibi, pande mbili." Ile safu ya pili bado iko tupu.