Bei ya Wapi Hiyo? Kuchungulia Vigeu Programu Ikiwa Imesimama

Chake Chake, usiku.

Msimu wa karafuu ukifika, kila mwenye kompyuta hapa Pemba huombwa aandike kijiprogramu cha mizani: kilo zinaingia, bei inazidishwa, malipo yanatoka. Ni programu fupi, lakini pesa ya mkulima imo ndani yake, na ndiyo maana nataka tuzungumze vizuri juu ya kutafuta kosa.

Jibu likitoka baya, wengi hukimbilia kumwaga print (amri ya kuonyesha thamani) kila mstari na kuuliza bei ni ngapi. Mie naona tuanze na bei ya wapi, maana bei humo ni kigeu, yaani jina linaloshika thamani. Ukimuulizia Juma mtaani Wete utarudishiwa swali: Juma wa nani? Jina ndani ya programu ni hivyo hivyo. Python, lugha ya programu tunayoitumia hapa, hulitafuta kwanza ndani ya funksheni yenyewe (kipande cha programu chenye jina lake), kisha katika funksheni iliyoizunguka, kisha katika faili zima, mwisho katika majina yaliyokuja na Python. Linapoonekana mwanzo, hapo hapo huchukuliwa.

Tazama hiki kipande, faili tuliite mizani.py:

```
bei = 15000

def lipa(kilo, daraja):
    if daraja == 2:
        bei = 14000
    jumla = kilo * bei
    return jumla
```

Karafuu za daraja la pili zinalipwa sawasawa. Ikija ya daraja la kwanza, programu inaanguka kwa UnboundLocalError kwenye mstari wa jumla. Sababu ni kwamba jina likipewa thamani popote ndani ya funksheni, Python hulihesabu kuwa la ndani kwa funksheni nzima, hata kama mstari ule wa kulipatia thamani haukupitiwa. Ile 15000 ya juu haitazamwi tena.

Sasa ongeza `lipa(12, 1)` mwisho wa faili, uiendeshe ndani ya pdb, dibaga ya Python (chombo cha kuisimamisha programu na kuichungulia), kwa `python -m pdb mizani.py`, andika c (endelea), nayo itasimama palepale ilipoangukia. Andika `p bei` (p huonyesha thamani). Inakujibu 15000! Hapa ndipo watu wanapopotea, wakaanza kuishuku mizani, faili la data, hata kompyuta. Dibaga haikukosea. Yenyewe ikikosa jina ndani ya fremu (nafasi ya funksheni inayoendeshwa, pamoja na vigeu vyake) huendelea hadi kwenye faili, ruhusa ambayo funksheni yako haina. Kwa hiyo usiridhike na p peke yake. Andika `pp locals()` uone vilivyomo ndani ya fremu hasa: utakuta kilo na daraja, bei hamna. Kisha `p lipa.__code__.co_varnames`, orodha ya majina ya ndani ya funksheni, nayo itakupa ('kilo', 'daraja', 'bei', 'jumla'). Hapo ushahidi umekamilika: bei imeandikishwa kuwa ya ndani, na haijapewa kitu.

Kuna jengine. Kosa mara nyingi halikuzaliwa pale programu ilipoangukia, limeletwa na aliyeiita funksheni. Bonyeza w upate msururu wote wa fremu, u kupanda kwa aliyeita, d kushuka. Kila ukipanda, p husoma vigeu vya fremu uliyosimama, kwa hivyo kilo ya chini na kilo ya juu zinaweza kuwa vitu viwili. Angalia alama za nukuu: p ikionyesha '12' badala ya 12, hayo ni maandishi yaliyosomwa kwenye faili bila kugeuzwa namba. Python haitalalamika, '12' mara 15000 itakupa mfuatano wa herufi 30,000, na hitilafu itajitokeza mbele kabisa, mbali na chanzo chake.

Jihadharini na majina ya herufi moja. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na mtu huona vyepesi kuziita n. Ukiandika n ndani ya pdb hutaoneshwa pishi ngapi. Programu itasogea mstari mmoja, kwa kuwa n ni amri ya pdb. Andika `p n`. Vivyo hivyo kwa a, c, l na s.

Programu ikigawika mafaili, bei huweza kuwa mbili bila mtu kujua. `from mipangilio import bei` huleta jina jipya ndani ya faili lako, likishika thamani iliyokuwapo wakati ule. Baadae mtu akibadilisha mipangilio.bei kuwa 16000, lako linabaki 15000. Linganisheni: `!import sys`, kisha `p sys.modules['mipangilio'].bei`, halafu `p bei`. Mimi naona ni salama zaidi kuandika `import mipangilio` na kuita mipangilio.bei kila mahali, ingawa vidole vinachoka.

Kwa wanaoandika JavaScript, Chrome hukupangia skopu zenyewe (maeneo ambamo majina hutafutwa) upande wa dibaga: Local, Block, Closure, Script, Global. Vifungo vitatu vya bandari, Malindi, Mkoani na Wete, vikitengenezwa kwa kitanzi (mistari inayorudiwa) cha `var i`, vyote vitasoma i ikiwa 3. Kwa `let` kila mzunguko una i yake. Na kigeu cha funksheni ya nje kisichotumiwa na ya ndani huenda usikione kabisa chini ya Closure, kwa kuwa injini haikukihifadhi. Kitaje mara moja ndani ya funksheni ya ndani, uendeshe upya, kitaonekana. Wa C nao wakikuta `<optimized out>` ndani ya gdb, dibaga yao, wakusanye tena (compile) programu kwa `-O0 -g`, kisha `info locals`.

Turudi kwenye mizani. Wako watakaotibu kwa `global bei`, nami nasema wasifanye hivyo: karafuu moja ya daraja la pili ikipita, bei ya kila mkulima anayefuata itashuka hadi 14000. Ipitisheni bei kama kigezo, yaani thamani anayoileta mwenye kuiita funksheni: `lipa(kilo, daraja, bei)`. Ndani ya pdb, herufi a pekee itawaonyesha vyote vitatu na thamani zake.