Siku Moja Glasgow, Udi Mgongoni

Ilipojulikana kwamba kundi letu la taarab litapiga Glasgow mwezi wa Januari, na kwamba siku moja kabla ya onyesho tutaachiwa wenyewe, kila mtu aliyewahi kukanyaga Ulaya alinipa ushauri. Binamu yangu aliyeko London aliniambia nisiipoteze siku hiyo mjini humo, nipande treni nikaione ngome ya Edinburgh, kwa kuwa Glasgow ni viwanda na mvua tu. Mwenzetu mwingine aliyewahi kupita Uskoti alinisihi niuache udi wangu, ile ala ya nyuzi ninayoipiga, chumbani, tena karibu na hita, kwa maana baridi ya huko hupasua mbao. Ushauri wa kwanza niliukataa papo hapo. Wa pili niliufuata usiku wa kuamkia siku hiyo, na ulikaribia kuniharibia safari nzima.

Niliamka kabla ya alfajiri kwa mlio mkavu, kama wa ukuni unaolika motoni, kisha nikasikia nyuzi zikilegea moja baada ya nyingine. Nilipofungua mkoba nilikuta vigingi saba kati ya kumi na moja vimejizungusha vyenyewe na nyuzi zimelala kwenye shingo kama kamba za jahazi lililokunja tanga. Adui hakuwa baridi, alikuwa hita. Hewa ya baridi hubeba unyevu mdogo sana, na ikiingizwa ndani na kupashwa moto bila kuongezwa maji inakuwa kavu kiasi cha kunyonya unyevu wowote inaoukuta, kwanza kwenye midomo ya mtu, kisha kwenye mbao. Udi uliokaa miaka yote katika hewa nzito ya Mji Mkongwe, ambako hata chumvi huganda ndani ya chupa, unanyweshwa ukavu huo kwa usiku mmoja. Vigingi vinasinyaa, matundu yake yanabaki mapana, na hakuna tena kinachoshika.

Nilichofanya ni hiki, na ninakieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi. Nilizima hita na kufungua dirisha kidogo. Nilivichomoa vigingi kimoja kimoja, nikavipaka chaki nyeupe ya shuleni ambayo marehemu mwalimu wangu alinizoesha kuiweka mkobani, nikavirudisha kwa kuvisukuma ndani huku nikivizungusha, wala si kuvizungusha tu. Halafu nikamenya chungwa la kifungua kinywa, nikalitia ganda lake ndani ya soksi safi, nikaifunga soksi na kuilaza mkobani upande wa shingo, mbali na uso wa udi. Ganda hutoa unyevu polepole, saa baada ya saa. Kufikia saa mbili na nusu, jua lilipokuwa linachomoza, udi ulikuwa umetulia, nami nikauvaa mgongoni na kutoka nao. Sikuuacha tena chumbani hata dakika moja.

Mchana wa Januari huko ni mfupi mno, kwani jua huzama saa kumi na robo hivi, kwa hiyo sikupanga kuona mengi. Nilipanga kusikiliza. Nilianzia mtaa wa McPhater, kwenye National Piping Centre, nyumba ya bagpaipu, ile ala ya Waskoti ya kupuliza yenye mfuko, iliyo ndani ya jengo lililokuwa kanisa, ambamo kuna shule, duka na jumba dogo la makumbusho ambalo kiingilio chake ni pauni chache. Nilikwenda kwa sababu ya marehemu babu yangu, aliyepiga zumari kwenye ngoma na harusi. Nilitaka kumwona ndugu wa zumari anaishi vipi.

Udugu huo uko wazi kuliko nilivyodhani. Bagpaipu kubwa ya Uskoti ina mabomba matatu ya mvumo yanayotoa sauti moja isiyobadilika, na chini yake ina filimbi ya vidole ambayo hupanuka kuelekea mwishoni na hulia kwa ulimi wa mabapa mawili yaliyobanwa pamoja, kama ulimi wa zumari. Tofauti ni mfuko. Babu alikuwa akivuta pumzi kwa pua huku mashavu yaliyojaa yanaendelea kusukuma hewa, ili sauti isikatike. Mskoti ameikabidhi kazi hiyo kwa ngozi iliyobanwa kwapani. Mashavu ya mpiga zumari ndiyo mfuko wake.

Kisha nikasoma kibao kilichotaja mbao. Bagpaipu za zamani zilichongwa kwa miti mbalimbali, lakini za siku hizi, zile nzuri, karibu zote zinachongwa kwa mti ambao Waingereza huuita mti mweusi wa Afrika. Ilinichukua muda kidogo kutambua kwamba ni mpingo. Mpingo wetu, unaokua Lindi, Mtwara na Ruvuma, ambao Wamakonde huuchonga vinyago, ambao ukiutupa majini unazama, na ambao huchukua miongo mingi kabla haujafaa kukatwa. Nilimwomba kijana wa dukani anishikishe filimbi moja iliyokamilika. Ilikuwa nzito na baridi mkononi, nyeusi, na nilipoisogeza karibu na taa niliona mstari wa rangi ya kahawia ukipita kando ya tundu la tatu, mstari uleule ninaoujua kwenye bakora ya babu. Nilisimama nayo muda mrefu. Ule mlio ambao dunia nzima ikiusikia huiona milima ya Uskoti unatoka kwenye mti wa kusini mwa Tanzania, na mimi Mtanzania, mwanamuziki, sikuwa nimeambiwa hilo na mtu yeyote.

Yule kijana aliponiona sitaki kuiachia, alinipa filimbi ya kujifunzia, ile isiyo na mfuko ambayo kila mwanafunzi huanza nayo na ambayo sauti yake ni ndogo kiasi cha kupigwa chumbani. Nilipuliza kama nilivyoona babu akipuliza, mashavu yakajaa, sauti ikaendelea bila kukatika kwa pumzi tatu, na mwalimu mmoja akatoka chumba cha pili kuja kuangalia ni nani. Hilo ninajivunia. Nilinunua moja ya plastiki kwa bei ambayo haikuniumiza. Za mpingo zilikuwa mbali na mfuko wangu.

Kutoka hapo nilitembea hadi kituo cha Cowcaddens na kupanda treni ya chini ya ardhi. Huko nako nilikuwa nimeonywa kwamba mgeni hupotea. Hakuna namna ya kupotea: reli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1896, ni duara moja lenye vituo 15, na ukipitiliza kituo chako unakaa tu, baada ya dakika 24 umerudi pale pale. Mabehewa ni madogo, mtu mrefu anainama, kwa hiyo udi niliupakata mapajani. Nilishuka Kelvinhall na kutembea hadi makumbusho ya Kelvingrove, jumba kubwa la mawe mekundu lililofunguliwa mwaka 1901, ambalo kuingia ni bure. Watu huenda kutazama picha. Mimi nilifuata ogani, kinanda kikubwa cha mabomba kilicho juu ya roshani ya ukumbi wa kati, ambayo hupigwa karibu kila siku saa saba mchana kwa nusu saa hivi. Ogani hiyo imekuwa ikilia tangu mwanzo wa jumba lenyewe, yaani ilikuwa imekwisha kuanza kazi miaka minne kabla ya kundi la taarab la Nadi Ikhwan Safaa kuundwa Unguja mwaka 1905.

Kwanza nilikaa chini, kati ya watoto waliokuwa wakikimbizana, kisha nikapanda ghorofani ili nisikilize kutoka upande wa pili. Chini, sauti za besi zilikuwa zikinifikia miguuni kabla ya masikioni, na kila neno la muziki lilibaki hewani likigusana na linalofuata. Ghorofani yote yalitengana, nikamsikia mpigaji anavyosubiri mwangwi upungue kabla ya kubadilisha. Nilikuwa na onyesho kesho yake katika ukumbi ambao sijauona, na pale ndipo nilipoamua kwamba tukikuta mwangwi kama huo tutaanza na wimbo wa taratibu. Ukienda Kelvingrove, usikae sehemu moja.

Nilirudi chini ya ardhi na kuendelea na duara lilelile, nikapita chini ya mto Clyde hadi Govan na mbele zaidi mpaka Bridge Street, ambapo msikiti mkuu wa mji hauko mbali. Mchana ukiwa mfupi namna ile sala hufuatana kama mawimbi. Kwa kuwa nilikuwa msafiri nilikusanya adhuhuri na alasiri, nikapumzika, nikavua viatu vilivyolowa. Usidharau suala la viatu. Mvua ya Glasgow haipigi kwa nguvu, inaingia tu.

Giza lilipoanza nilivuka daraja na kupanda mtaa wa Buchanan, ambako wapigaji wa mtaani husimama kila hatua chache, kila mmoja akiwa ameweka mkoba wazi mbele yake. Jirani na hapo nilipita uwanja unaoitwa Nelson Mandela. Mji huu ulimpa heshima ya uraia mwaka 1981 akiwa bado gerezani, na mwaka 1986 ukaupa mtaa huo jina lake, wakati ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ulikuwa papo hapo, ukalazimika kuliandika jina la mfungwa wake kwenye anwani. Nilimpigia simu binamu na kumweleza hilo, nikamwambia ngome ya Edinburgh itasubiri.

Usiku nilikwenda kwenye baa moja ambako wanamuziki wa muziki wa asili hukutana na kupiga wakiwa wamezunguka meza. Mimi sinywi pombe. Niliagiza Irn-Bru, soda yao ya rangi ya chungwa, na hakuna aliyeniuliza neno. Ukienda mahali kama hapo, usiketi mezani bila kualikwa na usifungue mkoba. Kaa karibu, sikiliza. Muziki huo haupigwi jukwaani: mmoja anaanza, wengine wanaingia, wimbo unarudiwa mara mbili au tatu kisha wanahamia mwingine bila kusimama. Nilikuwa nikipiga mdundo kwa kidole kwenye goti, maana jigi, nyimbo zao za kuchezwa, hukwenda sita kwa nane na mkono wangu ulizifuata kama chakacha, na ndipo mama mmoja aliyekuwa na filimbi ya kujifunzia mezani akauangalia mkoba wangu na kusema, "Ndugu, na wewe tupigie kidogo."

Hapo nilikosea. Udi wangu ulikuwa kwenye sauti ya kawaida, ile ambayo noti ya La ina mitetemo 440 kwa sekunde. La ya bagpaipu siku hizi iko juu zaidi, imeipita hata Si bemol, noti inayofuata juu ya La, na filimbi ya kujifunzia huifuata, oktava moja chini. Mpiga fidla mmoja aliniambia nikaze tu nyuzi zangu hadi tulingane. Nilijua moyoni kwamba siyo, lakini meza nzima ilikuwa inanisubiri, nikakaza nyuzi mbili za La, polepole, nikisikiliza zinavyolalamika. Zilipokaribia kabisa, mmoja ulikatika kwa mlio wa fimbo na kunichapa kifundo cha mkono. Ulikuwa udi uleule uliokauka usiku kucha, na mimi niliyeamka alfajiri kuuhurumia ndiye niliyeutesa usiku.

Niliomba dakika tano. Nikawaza kwamba kama siwezi kupanda, nitashuka. Uzi wa juu kabisa wa udi wangu ni Do. Nikaulegeza kidogo kidogo huku yule mama akishikilia La yake, mpaka mawimbi kati ya sauti mbili yakapungua, yakatulia, yakapotea. Sasa nilikuwa na uzi mmoja wazi unaolingana naye kabisa, na huo nikaufanya mvumo, kazi ya yale mabomba matatu. Noti nyingine nilizitafuta kwa vidole. Shingo ya udi haina freti, vile vipingo vinavyoigawa shingo ya gitaa. Mpiga gitaa angelazimika kukaza kila uzi, mimi nilisogeza kidole unene wa ukucha na noti ilikuwa pale. Filimbi yake ina noti tisa tu, na ya saba imeshushwa, kwa hiyo nilikuwa na uwanja mdogo wa kukariri.

Tulipoanza ndipo nilipoelewa kitu ambacho kitabu kisingenifundisha. Sauti ya bagpaipu haiwezi kunyamaza wala kupungua, kwa hiyo anayetaka kuipiga noti moja mara mbili lazima aikate kwa pambo la haraka la kidole. Sauti ya udi huanza kufa mara tu risha, kile kipande cha kupigia, inapoupita uzi, kwa hiyo anayetaka iishi lazima aipige tena na tena kwa haraka. Yeye alikuwa akikata, mimi nikiunganisha, na mapambo yetu yaliangukia pale pale. Tulirudia wimbo huo mara nne badala ya mbili.

Baadaye aliniuliza mti wa mabomba yake unaitwaje kwa lugha yetu. Nilimwambia. Alilisema neno mara tatu, la mwisho likatoka sawasawa, akaliandika kwa kalamu ya risasi ndani ya kifuniko cha sanduku lake, chini ya jina lake mwenyewe. Nami nilirudi hotelini kwa miguu, nikazima hita kabla hata ya kuvua koti, nikabadilisha ganda la chungwa, nikakaa kitandani kufunga uzi mpya.