Mapaja yanauma, je daftari linasemaje?

Leo Jumanne na bado nashuka ngazi za ofisini kinyumenyume. Sitanii. Ofisi yetu iko ghorofa ya pili hapa Moshi mjini, asubuhi kupanda sio shida kabisa, shida inaanza saa saba mchana nikitaka kushuka nikale, nashikilia kile chuma cha pembeni kama bibi wa miaka tisini, mlinzi ananiangalia mpaka nafika chini afu ananiuliza kwa upole, "dada, pole, ulianguka na boda?" Na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nadhani mmenielewa.

Kilichonikuta ni hivi. Jumamosi tulienda na wenzangu wa ofisini kutembea Mandara, huku Mlima Kilimanjaro. Kwa ambaye hajawahi, unaingilia geti la Marangu, unapanda ndani ya msitu kama kilomita 8 mpaka vibanda vya Mandara kwenye mita 2,720, mnakula mlichobeba, mnapiga picha na nyani wakikubali, mnarudi siku hiyohiyo. Kupanda nilikuwa mbele ya wote, najisifu kimoyomoyo, yani mimi ninayechuchumaa na kilo 70 mgongoni nitaogopa kamlima? Kushuka nako tukashuka tunacheka, wengine wanakimbia kabisa. Jumapili asubuhi nikasikia kitu kwa mbali, kanisani sikupiga magoti, niliegemea tu benchi la mbele nikajifanya nasali sana. Jumatatu sasa, yelewiii.

Jioni yake shemeji yangu akapita nyumbani kuleta ndizi. Huyu ni mgumu, yani anabeba mizigo ya watalii Kilimanjaro, mwaka wa kumi na kitu sasa. Aliniona navyoinuka kwenye kochi kwa awamu tatu akacheka mpaka akakaa chini. "Shem, Mandara tu?" Ndiyo shemeji, Mandara tu. "Na yale mavyuma yote unayobeba?"

Swali lake lilinikaa, kwa sababu miaka minne iliyopita mimi ndo ningekuwa wa kwanza kufurahia haya maumivu. Ngoja nieleze.

Nilianza gym kwenye banda moja la mabati nyuma ya gereji, maeneo ya Majengo. Msifikirie vioo na muziki, ni chuma kimoja kirefu cha kilo 20 cha ukweli, pleti chache za dukani, na zilizobaki ni makopo ya rangi yaliyojazwa simenti. Wanawake tulikuwa wawili, mwenzangu akaacha mwezi wa pili baada ya mama mkwe kumwambia atakuwa baunsa. Mi nikabaki. Na nikajifunza dini ya pale, ambayo ina amri moja tu, usipoumwa hujafanya kazi. Kocha alikuwa akikuona asubuhi anakuuliza "vipi, zinauma?" ukisema haziumi anakunyima amani siku nzima. Kwa hiyo kila wiki nikawa nabadilisha zoezi, leo skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mgongoni), kesho kuruka juu ya tairi la lori, keshokutwa kupanda ngazi za uwanja na mtoto wa mtu mgongoni, chochote kile ili mradi kesho yake nisiweze kuinua mkono kuchana nywele. Nikiumwa naona raha kabisa, najiona nimejenga. Nikizidiwa nameza diklofenaki, na kuna siku nilikuwa nameza KABLA ya kwenda ili nifanye zaidi, ujinga mtupu, ile dawa na jasho lote lile figo hazifurahii hata kidogo.

Mwaka na nusu nimeishi hivyo. Siku moja nikajiuliza kidogo tu, hivi skwati nilianza na kilo ngapi? Kilo 30. Na sasa hivi? Kilo 40. Miezi kumi na nane ya kulia chooni, kilo kumi.

Ndo nikaanza kusoma, na nikagundua nusu ya tuliyokuwa tunaambiwa ilikuwa stori za kijiweni. Kubwa zaidi ni ile ya asidi. Kila mtu pale gym anajua kwamba maumivu ya kesho yake ni asidi ya laktiki imeganda kwenye misuli, eti ukinywa maji ya ndimu inatoka. Ile kitu ukishamaliza zoezi ndani ya kama saa moja imeshaondoka yenyewe. Maumivu haya yanaanza siku inayofuata na kilele chake ni kati ya saa 24 na 72, sasa asidi iliyoondoka Jumamosi jioni inaniuma vipi Jumatatu? Tena sio habari mpya, mwaka 1902 Mmarekani mmoja, Theodore Hough, alishaandika kwamba yale maumivu ya kuchelewa yanatokana na kuchanika kudogodogo ndani ya msuli wenyewe. Msuli ukishapata vile vijeraha mwili unapeleka mafundi kukarabati, panavimba kidogo, neva zinakuwa kali, ukigusa tu unaruka.

Na kinachochana zaidi ni kile kitendo cha msuli kukaza huku unavutwa kurefuka. Paja la mbele wakati wa kushuka mlima ndo kazi yake hiyo, ni breki. Fikiria lori limejaa ndizi linashuka toka Marangu mpaka Himo limetia gia ndogo, injini haisukumi, inazuia, na inalia. Mimi kwenye skwati nashuka na kilo 70 mara kumi na tano hivi naenda nyumbani. Jumamosi nilipiga breki kilomita 8 mfululizo, kila hatua. Mapaja yangu yana nguvu ndiyo, ila kazi hiyo hayajawahi kutumwa.

Shemeji je, mbona hana hata habari? Anashuka toka kambi ya Barafu huko juu mlimani mpaka geti la Mweka na mzigo kichwani, kilo 20 ndo mwisho kwa sheria za hifadhi na wanapima kwa mizani getini, mimi na kibegi cha maandazi nimekufa. Ni kwamba msuli ukishachanwa na kazi fulani mara moja, mara ya pili unajikinga, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Nilipomwelezea akasema hata yeye anajua, mwezi wa nne na wa tano mvua zikinyesha wageni hamna anakaa nyumbani analima, trip ya kwanza mwezi wa sita anaumwa kama mgeni tu. Kuanzia ya pili hasikii kitu. Sasa niambie, trip ya pili hajafanya kazi? Mzigo haujafika?

Hapo ndo nilipoachana na ile dini. Kama kuumwa kunapungua kadiri mwili unavyozoea kazi, basi mtu anayetaka kuumwa kila wiki inabidi kila wiki afanye kitu ambacho mwili haujakizoea, na huwezi kuwa hodari wa kitu ambacho kila wiki unakifanya kama mgeni. Nilikuwa nalipa kiingilio cha mlango mmoja halafu natoka nakwenda kulipa mlango mwingine.

Nikanunua daftari. Lile la kawaida la shule. Nikachagua mazoezi manne tu, skwati, kuinua chuma toka chini, kusukuma benchi na kuvuta chuma kuja tumboni, nikawa nafanya hayohayo mara tatu kwa wiki, naandika kilo na idadi, na kila nikiweza naongeza kidogo. Wazo hili wala sio langu, wakati wa vita kuu ya pili huko Marekani kulikuwa na daktari wa jeshi anaitwa Thomas DeLorme, alikuwa anatibu wanajeshi walioumia magoti, badala ya kuwaambia wapumzishe miguu akawapa vyuma, akawa anaongeza uzito hatua kwa hatua jinsi wanavyopata nguvu, na mwaka 1945 akaandika matokeo yake. Nampenda huyo mtu, alianza kubeba vyuma mwenyewe akiwa kijana baada ya kuugua.

Shida ikaja kwenye yale makopo ya simenti. Yameandikwa 10 kwa rangi nyeupe, lakini kila nikibeba chuma kinalalia upande mmoja. Nikambembeleza mangi wa duka la unga jirani atuazime mizani, Jumapili mchana tukapima yote. Kopo moja "kumi" lilikuwa kilo 9, mwenzake 11 na nusu! Kocha alinuna wiki nzima, maana rekodi yake ya benchi nayo ilipungua palepale mbele ya watu. Ila tangu hapo kila kopo lina uzito wake wa haki, na tukachonga vipande vidogo vya chuma vya kilo moja moja pale gereji, hivyo ndo vimenijenga kuliko kitu chochote pale ndani.

Maana mwanzoni kuongeza ni rahisi. Wiki za kwanza nguvu zinapanda haraka kabla hata mwili haujabadilika kwa macho, ni neva zinajifunza kuita msuli wote kazini, nilitoka 40 nikafika 60 ndani ya miezi minne nikaona mwakani nitafika 120. Thubutu. Toka 60 mpaka 70 imenichukua mwaka mzima na zaidi, na kuna miezi daftari lina namba ileile imejirudia kama kibwagizo, kuna wiki nimeshusha makusudi kwa sababu goti lilikuwa linalalamika, kano na viungo vinakomaa taratibu kuliko misuli na havina haraka na wewe. Katika muda wote huo nimeumwa kidogo sana. Ukakasi wa siku moja, basi.

Kula nako nilibadilisha. Wanaofanya tafiti wanataja kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, mimi nina kilo 68 kwa hiyo inakuja kama 109, na yai moja ni gramu 6 tu, glasi ya maziwa 8. Piga hesabu uone mtori mtupu unakufikisha wapi. Siku hizi machalari yangu yana nyama inayoonekana, maharage nayapakua kama sina aibu, na dagaa. Ule unga wa protini wa kwenye ndoo sinunui, bei yake nanunulia mayai trei kwa trei.

Jambo moja sio la utani. Kuna kijana pale gym aliyekaa nje miezi kadhaa akarudi kwa bet, skwati mia tatu, siku ya pili mapaja yamevimba na anakojoa rangi ya soda ya kola. Hiyo sio "umejenga", hapo misuli imevunjika mpaka inaziba figo, ni hospitali moja kwa moja bila kupitia kwa kocha. Alipona, namshukuru Mungu.

Shemeji kaniambia nikitaka mapaja yazoee, Jumamosi ijayo nirudi Mandara, safari hii nishuke taratibu. Nimemwambia nitafikiria. Kesho ni siku ya skwati, nimefungua daftari imeandikwa 71, mara tano, seti tatu. Nimeikata kwa peni nikaandika 45, na pembeni nikaandika "ngazi". Nikiweza kushuka kwa kutazama mbele Ijumaa, nitarudi kwenye 71.