Ukifika Watamu, usiipite Gedi

Wengi wakija Watamu, hapa pwani ya Kenya, huishia ufukweni: kuogelea, samaki wa kupaka, picha za machweo, basi. Juzi niliwapeleka binamu zangu wa Nairobi kwenye Magofu ya Gedi, safari fupi tu ya tuktuk, na hadi leo moyo wangu uko kule.

Ni mji mzima wa Waswahili, wa mawe ya matumbawe, katikati ya msitu. Msikiti mkuu, jumba la kifalme, nyumba zenye visima na vyoo vyake. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Vasco da Gama, yule baharia Mreno, alifika Malindi 1498, karibu miaka mia baadaye! Binamu yangu mdogo alisimama pale akihesabu kwa vidole, kisha akanyamaza.

Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gedi kwenye Urithi wa Dunia. Nilifurahi mno. Ila inaniuma kuona watu wakipanda kuta wapigwe picha. Zile kuta zimechoka jamani, msizikanyage.

Nendeni asubuhi, jua likiwa bado pole, na mchukue kiongozi wa pale pale. Vijana wetu wanaujua mji ule chumba kwa chumba.