Afande, naomba nione picha

Mwaka wa 11 huu naendesha Canter ya nyanya kutoka Ilula kwenda soko la Ilala, na kwenye dashibodi kuna daftari. Kila trafiki akinisimamisha naandika: siku, saa, mahali, kosa nililoambiwa, tulivyomalizana. Nilianza baada ya utingo wangu kuniuliza tumetoa kiasi gani barabarani mwezi ule nikashindwa kumjibu.

Jumanne iliyopita tumeshuka Kitonga salama, tumepita Ruaha Mbuyuni, tumemaliza mbuga ya Mikumi. Mbele kidogo, mahali sitapataja, mkono ukanyooshwa. Saa 5 asubuhi, matenga 80 nyuma.

“Dereva, umepigwa tochi kule nyuma. 67 kwenye 50.”

Nilimsalimu, nikampa leseni. Pale penye makazi napajua, mguu huwa naupunguza kabla ya kibao na siuongezi mpaka kibao cha kumaliza 50 kiwe nyuma yangu. Nikamwambia, “Afande, naomba nione picha.”

Akaniangalia. “Hunisadiki?”

“Nakusadiki afande. Naomba tu kuiona.”

Mama mwenye mzigo, tuliyekaa naye kabini, akaninong’oneza, “Mwanangu, mpe elfu kumi twende. Nyanya zimeiva hizi.”

Sikumlaumu, maana hapo ndipo dereva anapobanwa. Kwa kosa kama lile faini ni 30,000. Unaandikiwa, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu na hela inaingia serikalini. Usipolikubali kosa, sheria inakuruhusu kusubiri mahakama isikilize. Katiba nayo, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Yote hayo nayajua. Lakini mahakama ina siku yake, na nyanya mbivu haina siku mbili. Askari anayetaka chake hahitaji kunitishia kwa neno lolote, anachofanya ni kushika leseni yangu na kutembea taratibu kuelekea kivulini.

Alikaa na leseni kama dakika 40. Aliporudi alinionyesha simu. Ni kweli, Canter nyeupe, 67. Ila ile ilikuwa imefungwa turubai la bluu, na herufi ya mwisho ya namba haikuwa yangu. Mimi sifuniki nyanya kwa turubai, zitaungua. Nilimwonyesha matenga, nikamwonyesha kibao cha namba. Hakubisha, wala hakuomba radhi.

“Washa taa. Indiketa. Kanyaga breki.”

Taa ya breki ya kushoto haikuwaka.

Hapo nilinyamaza, kwa sababu lile lilikuwa kosa langu. Lori linaloshuka Kitonga bila taa ya breki linamuua anayefuata nyuma, na nimewahi kuona pale matrafiki wakivuta majeruhi kutoka kwenye basi kwa mikono yao, sare zimelowa damu. Siwezi kudai haki yangu halafu nikaidharau ya yule aliye nyuma yangu. Nikamwambia, “Hili nakubali afande, niandikie.”

“Unataka kutoa 30,000 yote? Toa 10,000 uende zako.”

Nikarudia, “Niandikie.” Nikitoa ile 10,000 na mimi nimeingia kwenye rushwa, maana mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Halafu kesho atamsimamisha mwingine kwa picha ya gari lisilo lake, akijua itatoka tu. Mdogo wangu ana bodaboda. Tangu bajeti ya 2021 ilipopendekeza faini yao ishuke kutoka 30,000 hadi 10,000, ananiambia, “Kaka, sasa kuandikiwa na kuombwa bei moja, bora niandikiwe.” Naona ana hoja. Kwetu sisi wa Canter pengo lile la 20,000 ndilo linaloongea.

Kuandikwa kulichukua muda, eti mashine haina mtandao. Ilipofika saa 7 maji ya nyanya yalikuwa yanadondoka chini ya bodi. Mama alishuka, akasimama upande wa jua akiyatazama bila kusema kitu. Ujumbe ulipoingia nikalipa palepale, nikapewa leseni.

Ilala matenga 6 yalimwagwa. Nilimwambia mama tukate hasara yake kwenye nauli yangu, maana taa ilikuwa yangu. Akakataa mara mbili, ya tatu akakubali nusu.

Safari ya kurudi nilinunua balbu mbili Morogoro, moja nikafunga, moja iko ndani ya daftari imefungwa kwenye kitambaa. Ukurasa ule nimeandika mistari miwili: “Mwendo 67, si gari letu, picha nimeiona. Taa ya breki, kosa letu, 30,000 imelipwa.” Utingo ameomba afundishwe kulijaza. Ijumaa tunapakia tena, na yule mama amesema anakuja na mzigo wake.