Siku moja maishani mwangu: kuwinda maji kwenye boti ya zamani

Saa 11 na nusu alfajiri simu inatetemeka, ujumbe wa mzee mwenye boti: "Fundi, usiku kucha pampu imelia mara mbili tu." Nikasoma, nikafurahi, nikageuka upande wa pili nikalala dakika kumi zaidi. Jibu la kazi nzima lilikuwa ndani ya ujumbe ule na mimi nikalilalia, lakini tutafika huko.

Niwape picha kwanza. Boti ni ya faiba, mita 8 na ushee, imeshapita miaka 30, injini ya dizeli iko ndani na shafti ya kuzungusha pangaboi inatokea nyuma. Malalamiko ya mzee yalikuwa mawili. Moja, pampu ya ngama, yaani ya kule chini kabisa ya boti maji yanapojikusanya, inajiwasha kila baada ya nusu saa hivi, mchana na usiku, mpaka betri zinakata. Pili, mvua ikinyesha godoro la kabini linaloa upande wa kulia. Kabla ya kuniita mimi alishajitibu mwenyewe, kapaka silikoni dirishani, kapaka kwenye pembe, kapaka hata sehemu ambazo hazijawahi kuwa na tundu tangu boti izaliwe. Simlaumu, wote tumepitia huko, ila silikoni ikishakauka ukaibandua inaacha utelezi ambao dawa nyingine haishiki, kwahiyo kila alipopaka ameniachia saa nzima ya kukwangua.

Jana jioni nilikausha ngama yote kwa sponji na matambara mpaka mkono ukawa unatoka mkavu, nikapanga tishu kavu chini ya kila koki na kila mpira, alafu ule mpira wa pampu unaomwaga nje nikauchomoa kwenye bodi, tundu lake nikalipiga kigingi, na mpira wenyewe nikauelekeza kwenye jerikeni la lita 20 juu ya deki. Nilitaka kujua usiku mmoja yanaingia maji kiasi gani, maana mtu akikwambia "yanaingia mengi" hamna kitu amekwambia. Mzee akalala humo humo na boti yake.

Saa 1 asubuhi tumefika na dogo ninayemfundisha kazi. Dogo anataka kuruka ndani moja kwa moja, nikamshika bega nikamwambia simama kwanza uiangalie ikiwa imekaa. Imekaa makalio chini, nyuma imezama kuliko mbele. Nikaliona hilo, nikasema "mhh", nikapita. Angalia hapo tena nilivyopita.

Jerikeni lina lita 5 hivi kwa saa 12. Hapa ndo napenda hesabu kidogo: mililita moja ni kama matone 20, kwahiyo kitu kinachodondosha tone moja kila sekunde kinakupa mililita 3 kwa dakika, usiku mzima ni lita 2 na kidogo. Tone kwa sekunde ukilitazama unaliona si lolote, kumbe ukiliacha wiki boti inaanza kunywa. Sasa sisi tuna lita 5, maana yake natafuta kitu kikubwa kuliko tone kwa sekunde, au vitu viwili.

Kitu cha pili kabla ya spana yoyote ni kujua ni maji gani. Boti hii inaelea kwenye maji ya chumvi lakini ina tangi la maji baridi, ina hita, na injini ina maji yake ya kupoza yenye rangi. Yote yakivuja yanaishia ngamani na ukiyatazama pale chini yanafanana. Maji ya ngama yenyewe usionje hata siku moja, yana dizeli na uchafu wa miaka. Unafuata mchirizi msafi, unagusa kwa kidole karibu na yanapotokea, unaweka ulimini unatema. Chumvi tupu. Tangi na hita nikawafutia kesi hapo hapo.

Saa 2 tukaanza kukagua tishu moja moja na tochi na kile kioo kidogo cha mpini mrefu. Chini ya koki ya choo kavu, chini ya shafti ya usukani kavu. Chini ya glandi ya shafti imelowa chapachapa, dogo akahesabu kwa simu: matone 58 kwa dakika, injini ikiwa imezimwa. Na chini ya mpira unaoingiza maji ya bahari ya kupoza injini, tishu imekuwa uji. Nikapitisha kioo kwa nyuma. Mpira umepasuka urefu wa ukucha, chini kabisa ya klipu, upande ambao jicho halifiki, na pembeni chumvi imeganda nyeupe. Klipu nayo ukanda wake unang'aa kama mpya lakini skrubu imekula kutu, imebaki mfupa. Nikamwonesha dogo ujanja wa sumaku: klipu ya chuma kizuri haivutwi au inavutwa kidogo sana, ikinasa kwa nguvu ujue umeuziwa skrubu ya chuma cha kawaida. Iliyokuwa pale ilinasa kama imeitwa jina.

Sasa kubadilisha mpira ule lazima ufunge koki ya chini, ile inayofungia tundu la maji ya bahari kwenye bodi, na koki haijafungwa miaka. Hapa nikapunguza mwendo kabisa. Ukilazimisha koki ya zamani kwa bomba refu ikakatika shingo, una tundu la milimita 25 chini ya maji, na kama liko sentimita 60 chini ya usawa wa bahari linaingiza karibu lita 1 kila sekunde, yaani lita 60 kwa dakika, na hakuna pampu ndogo ya boti itakayoshindana nalo. Maandishi ya kwenye boksi la pampu yasikudanganye, yale wamepima bila mpira wa kupandisha na umeme ukiwa umejaa. Kwahiyo kwanza kigingi cha mti laini kikakaa mkononi mwa dogo, nyundo pembeni. Nikakwangua shaba kidogo kwa kisu nione rangi: ikiwa ya waridi-waridi zinki imeshaliwa, usiiguse mpaka boti iwe nchi kavu. Hii ilikuwa ya njano, nzima. Nikanyunyizia mafuta ya kulegezea, nikagonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, nikaiacha.

Wakati koki inakunywa mafuta, saa 3 nikahamia glandi. Kwa asiyejua, pale shafti inapotoboa kwenda nje kuna kikombe cha shaba chenye pakingi ya kamba yenye nta imeizunguka shafti, na nati kubwa inaibana. Mafundi wengi wakiona tone wanakaza mpaka kukauke kabisa, na ndo wanavyoua shafti, kwa sababu pakingi ya aina hii maji ndiyo yanayoipoza, ikikauka inachemka inakula chuma. Nikalegeza nati ya kufungia, nikaisukuma ile ya pakingi sehemu moja ya nane ya mzunguko, nikamwambia mzee awashe, atie gia taratibu boti ikiwa imefungwa kamba imara. Tukahesabu bila kusogeza mkono karibu na shafti inayozunguka. Bado mengi. Zima, sukuma tena kidogo, washa. Mara ya nne tukapata matone 3 kwa dakika shafti ikizunguka, na ikisimama hakuna. Zima, nikagusa kikombe: vuguvugu tu, mkono unakaa. Hapo sikazi tena hata unibembeleze. Matone 3 kwa dakika ni kama robo lita kasoro kwa siku nzima ya kukimbia.

Saa 4 na robo nikarudi kwenye koki, nikaipeleka milimita mbili mbele, moja nyuma, mbili mbele, kama unambembeleza mtoto alale. Saa 5 kasoro ikafunga. Mpira mpya, klipu mbili kila upande, vichwa vyake vimetazama pande tofauti. Nikafungua koki, nikafuta kila kitu, tishu mpya, kavu. Nikakaza kigingi kwa kamba pembeni ya koki kikae hapo hapo, maana siku ya siku hutakuwa na muda wa kukitafuta kwenye sanduku.

Saa 6 mchana nikarudisha mpira wa pampu kwenye tundu lake bodini, nikamwambia mzee kwa sauti ya mtu aliyemaliza, hilo la pampu sahau. Tukakaa wote nyuma kivulini tunapumzika.

Saa 6 na dakika 25 pampu ikanguruma.

Mzee hakusema kitu, aliniangalia tu, na afadhali angesema. Nikafungua mfuniko, tishu zote kavu! Glandi kavu, mpira mkavu, koki kavu, na maji yapo ngamani yanacheka. Nikakaa kwenye mfuniko wa injini nikiwa nimeshika kichwa na ndo ule ujumbe wa alfajiri ukanirudia: usiku kucha mara mbili tu. Mtu ambaye pampu yake inalia kila nusu saa, usiku mmoja ikalia mara mbili, na mimi sikuwa nimerekebisha chochote. Kitu pekee nilichobadilisha jana ni kuchomoa mpira wa pampu na kuziba tundu lake.

Nikainama nje nikaangalia. Tundu la kumwagia liko nyuma, na liko sawasawa na usawa wa maji, kila wimbi dogo linaingiza funda. Kutoka hapo mpira unateremka moja kwa moja mpaka kwenye pampu, na pampu za aina hii zikisimama hazizuii kitu, maji yanapita kurudi nyuma kama mlango wazi. Yaani pampu inatoa maji, inazima, bahari inarudisha, floti, ile swichi inayoelea, inapanda, pampu inawaka. Juu ya hapo yale yaliyobaki ndani ya mpira nayo yanarudi, mpira wa milimita 25 wenye mita 2 unabeba karibu lita 1.

"Mzee, ulipoinunua betri zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Sasa hivi?"

"Nne... na lile sanduku la spana nililiweka nyuma huko."

Makalio chini. Niliyaona saa 1 asubuhi nikasema mhh.

Kwa haraka: tukahamisha sanduku na betri mbili mbele ya injini tukazifunga vizuri, nyuma ikanyanyuka kama vidole vitatu. Mpira nikaupandisha juu kabisa chini ya ukingo wa deki, ukapiga kitanzi ndipo ushuke kwenye tundu, na kileleni nikaweka valvu ndogo ya hewa ili usije ukavuta maji wenyewe. Siku ikipandishwa nchi kavu tundu lihamishwe juu, nimemwandikia. Kuweka valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wa pampu ya ngama mimi siipendi, taka moja ikinasa pale inagoma kufunguka siku unayoihitaji.

Saa 8 mchana zamu ya godoro. Dogo ndani na tochi, mimi nje na mpira wa maji bila presha, yanatiririka tu. Sheria ni kuanzia chini kupanda juu, dakika kumi kila sehemu, ukianza juu maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hutajua nani mwizi. Ukingo wa bodi, hamna. Dirisha lenye silikoni zote zile, dakika kumi, hamna. Mzee akanuna kwa ajili ya silikoni yake. Nikapanda kwenye nguzo za reli ya kushikilia pembeni ya deki. Nguzo ya kwanza hamna, ya pili dakika ya sita dogo akapiga kelele, "Linakuja!" Na nguzo yenyewe iko mita moja na nusu mbele ya pale godoro linapoloa. Maji yanaingia kwenye bolti, yanatembea kati ya dari na deki yakifuata mwinamo, yanatokea yanapotaka yenyewe.

Nikafungua bolti nne. Ya kwanza imetoka na unga wa kahawia umelowa, ukiubana kwa vidole maji yanatoka. Ni ile mbao nyepesi ya katikati ya faiba, imeanza kuoza. Nikaichokonoa kwa msumari uliokunjwa mpaka nikafika kwenye mbao kavu, kama sentimita 3 kila upande, tumewahi. Hapa mzee alitaka nipake kitu nifunge leo leo. Nikakataa, gundi ya epoksi ukiimimina kwenye mbao mbichi unafungia maji ndani. Matundu yaachwe wazi yakauke siku kadhaa, alafu nijaze epoksi nzito, nitoboe upya katikati ya epoksi ili bolti isiguse mbao kabisa, ndipo utepe wa butili wa kuzuia maji na nguzo irudi. Kwa leo kifuniko cha plastiki juu, upepo unapita pembeni, mvua haiingii.

Saa 12 jioni nikafuta ngama, tishu mpya, tukaondoka na mikono inanuka dizeli.

Saa 3 usiku simu. Mzee.

"Fundi, hii pampu imekufa?"

"Kwanini?"

"Kimya. Toka mmeondoka haijalia. Siwezi kulala."

Nikamwambia afungue mfuniko, aingize mkono ainue floti kwa kidole. Nikasikia mfuniko, nikasikia anahema, alafu nikaisikia ikinguruma.

"Ipo," akasema, akakata.