Nimekuuliza kama ni filamu?

Toka Alhamisi mpaka leo Jumapili hii sentensi haijanitoka kichwani. Nafua, inakuja. Nimebanwa kwenye daladala, inakuja. Jana nahesabu mifuko ya simenti stoo nikapotea mara tatu nikaanza upya, yule kijana wa kupakia akaniuliza dada vipi, nikamwambia joto.

Ilikuwa hivi. Mama mnajua yuko kwangu toka arobaini ya mzee, na mnajua usiku hapati usingizi, basi anakaa sebuleni na tasbihi yake mimi niko pembeni na laptopu na mizimu yangu. Alhamisi nikaweka Lake Mungo, ile filamu ya mizimu ya Australia ya 2008 niliyowapigia kelele humu mpaka nikachoka, nikawa namtafsiria kidogo kidogo nikijua dakika ya kumi atakuwa anakoroma. Hakukoroma.

Kwa nyie ambao bado mnanizungusha, na msiotaka kuharibiwa rukeni aya hii: binti wa miaka 16, Alice, anazama bwawani kwenye mji unaitwa Ararat, na familia yake inahojiwa kama vile ni dokumentari. Ukija kichwa kichwa utaapa ni ya kweli, maana waigizaji walielezwa tu kinachotokea, maneno wakajisemea wenyewe. Picha za mzimu zinaanza kutokea pale nyumbani, af inajulikana kaka mtu ndo alikuwa anazitengeneza, unashusha pumzi unasema aah kumbe, na hapo ndo inaanza kukumaliza. Karibu na mwisho mama mtu amefumba macho, anaelezea anavyoingia chumbani kwa binti yake, anaangalia, hamna mtu. Hapohapo wanatuchanganyia na binti mwenyewe, alirekodiwa kabla hajafa, anaelezea mama ameingia chumbani, hajamuona, katoka. Kisha familia inahama, roho zao zimetulia kabisa, wanapiga picha mbele ya nyumba. Na dirishani nyuma yao kuna mtu.

Mama akasogeza uso kwenye skrini.

"Kwa hiyo yumo bado. Yumo, na wao ndo wanaondoka."

Nikasema, "Ni filamu tu, mama."

"Nimekuuliza kama ni filamu?"

Akakusanya tasbihi yake akaenda kulala.

Ijumaa tukasaini kuuza ile nyumba ya mzee ya Muheza, mnunuzi kalipa yote, kaka akageuza jioni ileile kurudi Dodoma.

Sasa kinachoniuma ni kwamba mimi ndo mtu wa mwisho duniani kusema maneno yale. Wifi yangu nilimnunia wiki nzima kisa "ni filamu tu". Ofisini niliazimisha flashi ikarudi na ujumbe "hii nayo ya kutisha, hata damu hamna", nikaandika posti nzima hapa, mnaikumbuka, kwamba za kutisha kweli hazina haja na damu, zinahusu waliobaki na nyumba. Miaka yote nahubiri. Af mtu mmoja, mmoja tu, anaipata yote kwa mara moja bila hata kujua kiingereza, na mtu huyo ni mama, na mimi namfungia mlango. Nimeshamjibu kichwani mara mia. Ningesema ndio mama, yumo. Ningesema hawakujua. Ningenyamaza, si kunyamaza ni bure?

Jana usiku nikaamua sifungui laptopu. Naona huyo anatoka jikoni na vikombe viwili vya kahawa, anakaa, anajifunika khanga miguu. "Leo mashetani wako wamesafiri?"

Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Nikamuwekea Under the Shadow ya Babak Anvari, 2016, ya kiajemi, nikajua hii itamkaa. Tehran, vita ya Iran na Iraq, mume daktari kaitwa vitani, mke kabaki na mtoto mdogo, kombora linaangukia ghorofa yao halilipuki, na toka siku hiyo mwanasesere wa mtoto haonekani. Inasemwa mle kwamba majini husafiri na upepo, na wakishachukua kitu chako unachokipenda hawakuachi. Mama: "Sasa wasafiri na nini, basi?" Kuna pale mama mtu anatoka mbio usiku na mtoto kifuani, hajajifunika kichwa, anakamatwa. Mama akajipiga paja. "Ushungi! Kamkimbia jini kaangukia polisi!" Majirani wamesikia, nina uhakika.

Ilipoisha akaanza habari za popobawa, lile jini lililosemwa linavamia watu usiku kule Pemba 1995, alikuwa kaenda kwa dada yake Wete, wakalala uani ukoo mzima wamewasha moto, watu kumi na sita, anasema hofu ilikuwepo lakini walivyocheka usiku ule hata sikukuu hawakucheka hivyo. Hii stori sijawahi kuisikia maisha yangu yote. Mzee alikuwepo kwenye hiyo stori, ndo alikuwa anachochea kuni.

Kwa hiyo sasa nina ratiba. Kesho Ghostwatch, BBC waliirusha usiku wa tarehe 31 Oktoba 1992 na mtangazaji wao halisi Michael Parkinson kama vile ni matangazo mubashara kutoka nyumba yenye mzimu, watu wakapiga simu wamechanganyikiwa, mama aliyelala nje sababu ya popobawa atawaelewa. Noroi ya Japani ya 2005 ni karibu masaa mawili na ina watu wengi, hiyo wikiendi. His House, ya wale wakimbizi wa Sudan Kusini waliopewa nyumba Uingereza, naiogopa kidogo. Nyumba tena. Tutaona.

Ila nilivyokuwa napanga kabati lake leo nikahesabu vidonge vya presha. Mwezi umefika tarehe 22 na kwenye pakiti vimebaki kumi na tisa.